"Entre dos aguas" ni flamenko au si flamenko?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, napiga gitaa kavu jioni kwenye hoteli za ufukweni. Kipande ninachoombwa kuliko vyote ni 'Entre dos aguas' cha Paco de Lucía, nilichojifunza kwa sikio. Mwezi uliopita mgeni mmoja kutoka Hispania alinipongeza, kisha akaniambia kuwa hicho si flamenko, ni rumba ya kuuzia santuri, na kwamba wajuzi wa kwao walikikataa tangu mwanzo. Nilinyong'onyea. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona kila mtu anakipenda?"

Marahaba, mwanangu. Usinyong'onyee. Mgeni wako hakukudanganya, ila alikumegea habari akabaki na pande kubwa zaidi. Ni kweli kuwa wajuzi wengi wa flamenko, ule muziki wa uimbaji, gitaa na makofi wa kusini mwa Hispania, walikitazama kipande hiki kwa jicho la pembeni, na wapo wanaokitazama hivyo mpaka leo. Sababu zao si za kipuuzi, na nitakueleza kwa haki. Msimamo wangu nautanguliza ili usiutafute huko mbele: "Entre dos aguas" si kazi kubwa kuliko zote za Paco de Lucía, wala haikaribii. Lakini ni flamenko, na uflamenko wake umekaa mahali ambapo wapinzani hawakutega sikio, yaani kwenye mkono wa kulia.

Kwanza kilivyozaliwa. Paco alizaliwa tarehe 21 Desemba 1947 huko Algeciras, mji wa bandari kusini kabisa mwa Hispania, na jina lake la kuandikishwa ni Francisco Sánchez Gómez. Hilo "de Lucía" ni la mama. Watoto walioitwa Paco walikuwa wengi mtaani, basi huyu akawa Paco wa Lucía, kama sisi tunavyosema Juma wa Bi Mwanaisha. Baba yake, Antonio Sánchez, alikuwa akipiga gitaa usiku kwenye starehe za wenye fedha ili nyumbani wale, akawakalisha wanawe na ala kwa saa nyingi kila siku. Kaka yake, Ramón de Algeciras, alimfundisha mitindo ya Niño Ricardo, gwiji wa wakati ule. Alipokuwa bado kijana mdogo, Paco alisafiri hadi Marekani na kundi la ngoma la José Greco, na huko New York akakutana na Sabicas, mpigaji mkubwa aliyekuwa ameihama Hispania. Sabicas alimsikiliza, kisha akampa wosia ambao Paco hakuusahau: mpiga gitaa anapiga vyake, si vya wenzake.

Ninakueleza haya ili ujue kuwa mtu aliyeingia studio mwaka 1973 hakuwa kijana wa kubahatisha. Alikuwa hajatimiza miaka 26, lakini santuri zake mwenyewe zilikuwa zikitoka tangu 1967, na kuanzia 1969 alikuwa akimpigia Camarón de la Isla, sauti kubwa kuliko zote za kizazi chao, santuri karibu kila mwaka. Hakuna aliyethubutu kusema kuwa Paco hajui flamenko. Ndiyo maana rumba yake iliuma. Ingetoka kwa mtu wa pembeni, wajuzi wangeipita kimya.

Santuri yenyewe inaitwa "Fuente y caudal", na ina vipande 8. Vipande 7 ni flamenko ya kukaa kitako, kila kimoja na mtindo wake: kuna taranta, kuna fandango, granaina, alegria, buleria, buleria ya mwendo wa solea, na tango (hapa nasema tango ya flamenko, si ile ya Argentina). Kipande cha nane kilikuja kwa sababu ya upungufu. Paco mwenyewe alisimulia kuwa santuri ilikuwa haijajaa, nao wakakaa studio wakabuni papo hapo: yeye akishika solo, kaka yake Ramón akishika rithimu, besi ya umeme ikizunguka mle mle, na Pepe Ébano akipiga bongo. Kwenye lebo utakuta pia jina la José Torregrosa, mwanamuziki aliyesoma, aliyesimamia kurekodi. Paco siku zile hakuwa anasoma noti. Basi kile cha kujazia nafasi kikawekwa mlangoni, kikawa cha kwanza kwenye upande wa kwanza.

Mwanzoni santuri haikuuzika. Mtangazaji Jesús Quintero ndiye anayesifiwa kwa kuishikia bango, hadi rumba ile ikatolewa peke yake kama santuri ndogo. Hapo mambo yakageuka. Ilipanda kwenye orodha za mauzo ikakaa humo miezi, tena haina mwimbaji, haina neno hata moja! Mpiga gitaa wa flamenko, mtu aliyezoea kukaa nyuma ya mwimbaji, akawa anajulikana na muuza magazeti. Februari 1975 Paco alipiga katika Teatro Real ya Madrid, jumba ambalo milango yake ilikuwa imezoea muziki wa waliosomea na si wa watu wa mitaa ya Cádiz kule kusini. Onyesho hilo lilirekodiwa na kutolewa kama santuri mwaka huo huo.

Jina nalo lina mambo mawili ndani yake. Kwa tafsiri ya kawaida ni "kati ya maji mawili", na Algeciras iko hasa mahali hapo, kwenye mlangobahari wa Gibraltar, ambapo bahari ya Mediterania inakutana na Atlantiki, na siku ya hewa safi unaiona Afrika ng'ambo. Lakini Wahispania pia husema mtu "anaogelea kati ya maji mawili" wakimaanisha yule asiyechagua upande, karibu na ndumilakuwili wetu. Mpinzani wa Paco hakuhitaji kutunga tusi. Lilikuwa limeandikwa kwenye jalada.

Sasa hoja zao. Chukua gitaa, maana hizi hazieleweki kwa macho.

Hesabu moja hadi kumi na mbili kwa mwendo wa taratibu, ukipiga kofi la nguvu kwenye 3, 6, 8, 10 na 12. Zungusha hivyo mara ishirini. Huo ni mzunguko wa solea, na wenyewe wanauita kompasi. Buleria ni mzunguko huo huo ukikimbizwa, nayo alegria ni ndugu yao. Utaona kuwa mikazo ya mwanzo inakuja kila baada ya mapigo matatu, halafu ghafla inakuja kila baada ya mawili. Mwili unataka kuanguka, na kompasi inaudaka. Mtu aliyezaliwa Jerez au Utrera, miji ya flamenko kule kusini, ana mzunguko huo miguuni kabla hajajua kusoma. Kwake yeye flamenko inaanzia hapo, na anayeteleza kwenye kompasi, hata awe na vidole vya moto, hana la kumwambia.

Kisha shika kodi hizi nne, yaani makundi ya noti zinazolia pamoja, kwa kushuka: La minor, Sol, Fa, Mi. Sikiliza Mi inavyotua. Muziki mwingi tuliouzoea ungeifanya Mi ile iwe mlango wa kurudia La. Flamenko inaifanya Mi iwe nyumba. Inakaa pale, na ile Fa iliyo juu yake inainama kama wingu. Uchungu wote unaousikia kwenye solea unatoka kwenye nusu hatua hiyo, kati ya Fa na Mi.

Jambo la tatu ni sauti ya mtu. Kwa wajuzi wa zamani, flamenko ni uimbaji kwanza. Gitaa linamfungulia mwimbaji njia, linamjibu, linamngoja. Kati ya beti linapewa nafasi ya kusema vifungu vyake vifupi, ambavyo huitwa falseta, kisha linarudi kumtumikia mwimbaji.

Kipime sasa kipande chako kwa mizani hiyo. Mapigo ni manne, yanazunguka sawasawa. Nyumba yake ni minor ya kawaida, si ile Mi yenye wingu juu. Mwimbaji hayupo. Na pale ambapo pangekuwa na makofi na "ole" za kushangilia pana bongo na besi ya umeme. Unaona? Mgeni wako alikuwa na mizani halali mkononi, na kipande kilipungua kila upande.

Pia ukumbuke kuwa watu hawa walikuwa na hofu yenye historia. Mwaka 1922 huko Granada, mtunzi Manuel de Falla na mshairi Federico García Lorca walikuwa miongoni mwa walioandaa mashindano ya uimbaji wa kina, kwa kuamini kuwa flamenko inauawa na kumbi za burudani. Miaka arobaini baadaye, 1962, mwimbaji Antonio Mairena alitunukiwa Ufunguo wa Dhahabu wa uimbaji kule Córdoba, na mwaka uliofuata yeye na mshairi Ricardo Molina wakatoa kitabu kilichopanga mitindo yote, kipi ni cha asili na kipi ni tawi. Mairena alifanya kazi kubwa. Alikusanya nyimbo ambazo zingezikwa na wazee. Lakini kazi hiyo ilizaa pia kizazi cha mahakimu, waliosikiliza wakiwa na rula mkononi. Katika mpango wao, rumba ilikaa chini kabisa, karibu na mlango wa kutokea.

Upande wa gitaa, shujaa wa watu wa fikra hiyo alikuwa Diego del Gastor wa Morón de la Frontera, mzee aliyepiga taratibu, noti chache, kidole gumba kikisema karibu kila kitu. Vijana kutoka Marekani walisafiri hadi mji ule mdogo kukaa miguuni pake. Diego alifariki mwaka 1973. Kwa hiyo mwaka ule ule waliomzika mzee wa noti chache, kijana wa Algeciras akaja na bongo. Mimi nikijiweka kwenye viatu vyao nauelewa uchungu wao. Watu hawakuwa wakibishana juu ya rumba peke yake. Walikuwa wakiona dunia yao inaondoka.

Lakini hoja zao zina nyufa, na nitaanza na wa mapigo manne. Tango ya flamenko ina mapigo manne, na hakuna mjuzi hata mmoja, Mairena akiwemo, aliyewahi kuitoa nje. Ni mtindo wa heshima, na wamo wanaouhesabu kati ya misingi. Katika santuri ile ile ya 1973 ipo tango inayoitwa "Los pinares". Basi mapigo manne si kosa. Kosa, kama lipo, ni kwamba rumba ilionekana ni ya kigeni, tena ya kuchezea.

Hapo ndipo nataka wewe, mtoto wa pwani hii, usikilize kwa makini, kwa sababu wapinzani walilipita jambo hili haraka mno. Rumba ilifika kusini mwa Hispania kutoka Kuba, kwa meli, pamoja na mitindo mingine ambayo Wahispania wanaiita nyimbo za kwenda na kurudi: muziki ulioondoka Hispania, ukakaa Amerika, ukarudi umebadilika. Ila tuongeze wasichokitia kwenye jina hilo. Huko Kuba haukukaa na Wahispania peke yao. Ulikaa na Waafrika waliopelekwa utumwani, wengi wao kutoka nchi za Kongo, na mdundo wake ni wao. Kutoka Kuba hiyo hiyo, santuri zilivuka bahari tena zikafika Leopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville, na vijana wa Kongo wakaisikia ngoma ya kwao imevaa suti. Wakaichukua. Baada ya muda tukapata Franco na Docteur Nico, tukapata sebene, na bendi zetu za Dar es Salaam na Morogoro zikajifunzia hapo. Kwa maneno mengine, rumba ya Paco na rumba uliyolelewa nayo ni watoto wa mama mmoja waliokulia nyumba mbili.

Ndiyo maana kidole chako kilikielewa kipande hiki bila mwalimu. Besi inazunguka, rithimu haibanduki, solo inapewa uwanja wa kutembea juu ya mzunguko, inasema, inarudia, inapanda. Sisi tunaliita hilo sebene. UNESCO iliiingiza flamenko kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010, rumba ya Kuba mwaka 2016, na rumba ya Kongo mwaka 2021. Ndugu watatu wametambuliwa kila mmoja kwa wakati wake, na anayesema mmoja ni mgeni nyumbani kwa mwingine hana budi kueleza mgeni ameingiaje na kukaa kwa zaidi ya karne.

Tena rumba haikuja na Paco. Huko Barcelona, Magitano (Waroma wa Hispania) wa Katalunya kama mwimbaji Peret walikuwa wameshaifanya ya kwao miaka mingi kabla, kwa mkono wa kulia unaopuliza nyuzi kama feni huku ukigonga ubao wa gitaa. Watu waliicheza harusini. Alichofanya Paco ni kuitoa kwenye sherehe na kuikalisha kwenye kiti cha msikilizaji.

Na sasa mkono wa kulia. Nimekuahidi, na kwangu hapa ndipo kesi inapoamuliwa.

Tafuta rekodi ya studio, si ya jukwaani. Iweke kwenye spika za kweli, si za simu. Mara ya kwanza usimsikilize Paco kabisa, msikilize Ramón. Rithimu yake haipigi kodi kama sisi tunavyozipiga kwenye dansi. Ndani ya kila mzunguko kuna pigo kavu, kiganja kinapoziangukia nyuzi na kuziua. Noti haipo hapo, upo mlango unaofungwa. Pigo hilo kavu ni makofi ya flamenko yaliyohamia ndani ya gitaa. Ukiliondoa, kipande kinakuwa muziki wa lifti. Nimewasikia wapigaji wengi wa hoteli, si wewe peke yako, wakipiga melodi sawasawa kabisa na kipande hakitembei, kwa sababu wanadhani kazi iko kwenye solo.

Mara ya pili msikilize Paco, lakini usihesabu noti. Sikiliza anapoanza. Karibu kila kifungu chake hakianzi kwenye pigo la kwanza. Kinaingia baada yake, au nusu kabla, kinatangatanga juu ya besi kama mtu anayevuka barabara kati ya magari, kisha kinatua mahali hasa panapotakiwa. Hiyo ni adabu ya mtu aliyelelewa na buleria. Mtu wa jazi angetafuta kodi mpya. Mtu wa Kuba angejibizana na mdundo kwa namna yake. Paco anafanya kile anachofanyiwa mwimbaji: anajenga kifungu, anakipandisha, na anakifunga kwa mkato unaoita "ole". Kila sehemu ni falseta. Ukizikata moja moja ukampa mpiga tango wa Cádiz, atazitambua.

Mara ya tatu sikiliza ukucha. Zile mbio za noti moja moja zinaitwa pikado: kidole cha shahada na cha kati vinapokezana, na kila kidole kikishapiga kinaegemea uzi wa juu yake. Kuegemea huko ndiko kunakotoa ile sauti yenye mwili, kama punje zinazomwagwa kwenye sinia. Ukipiga kwa kuning'iniza vidole hewani, kasi utaipata lakini punje zitakuwa pamba. Mzee wetu Jean Bosco Mwenda wa Katanga alitujengea dunia nzima kwa kidole gumba na cha shahada tu, na mkono huo ni hazina. Ila kwa kazi hii utahitaji mkono mwingine. Usichanganye.

Nikirudi kwa wapinzani: walisikia bongo wakafunga masikio. Lakini bongo ni pambo. Na historia imewajibu kwa namna nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Paco alipokwenda Peru alipewa kahoni, lile sanduku la mbao ambalo mpigaji analikalia na kulipiga kwa viganja, ala ya Waafrika waliofanywa watumwa kule Peru. Akarudi nalo, mpiga ngoma wake Rubem Dantas wa Brazil akaliingiza kwenye kundi, na leo ni shida kupata kundi la flamenko lisilo na kahoni. Wapo vijana wa Sevilla wanaodhani lilizaliwa kwao. Ala ya kigeni kuliko bongo imepewa uraia, na hakuna anayelia.

Nisikufiche, kuna ukosoaji mmoja ninaokubaliana nao bila kusita. Kipande hiki hakina kina cha vipande vinavyokifuata. Ni chepesi. Mzunguko wake haukutishi, unakubeba tu. Ukitaka kujua Paco alikuwa nani mwaka 1973, geuka usikilize "Fuente y caudal" yenyewe, ile taranta iliyoipa santuri jina. Taranta ni mtindo wa wachimba migodi wa mashariki ya Andalusia na Murcia, haina mapigo ya kuhesabu, na Paco anaacha noti zigongane, nyuzi zilizo wazi zikikwaruzana na zilizoshikwa, mpaka unasikia mtu anapapasa ukuta gizani. Kisha sikiliza buleria ya "Cepa andaluza". Hapo kompasi ile ya kumi na mbili inapasuliwa na kuungwa, inapasuliwa na kuungwa, na haidondoki. Huyu ndiye mtu aliyeshtakiwa kuisaliti flamenko! Miaka ya baadaye, kwenye santuri ya "Siroco" ya 1987, alifika mbali zaidi, na wapigaji wengi ninaowaheshimu wanaiweka hiyo juu ya zote.

Kwa hiyo kosa la wakosoaji halikuwa kusema kipande ni chepesi. Walikosa kwa kuhukumu mtu na santuri nzima kwa kipande kilichobuniwa kujaza nafasi, na kwa kudhani kuwa kinachopendwa na wengi lazima kiwe kimepoteza kitu. Rafiki yake Camarón yalimkuta makubwa zaidi. Mwaka 1979 alitoa "La leyenda del tiempo", yenye mashairi ya Lorca na ala za roki, nayo ikakaa madukani. Inasimuliwa kuwa Magitano waliirudisha wakisema huyu si Camarón. Leo inatajwa kama nguzo. Kwa Paco, heshima ilikuja taratibu lakini ilikuja: mwaka 2004 alipewa tuzo ya Príncipe de Asturias ya sanaa, na alipofariki ghafla huko Meksiko tarehe 25 Februari 2014, Algeciras ilimpokea na kumzika kama mwana wa mji wote. Mwaka uliofuata Madrid ilikipa kituo kimoja cha treni za chini ya ardhi jina lake.

Yeye mwenyewe aliishi na rumba ile maisha yote. Watu waliitaka kila ukumbi, na aliipiga mwishoni, na kundi likiwa limechangamka, kila mara akiibuni upya juu ya mzunguko ule ule. Hilo nalo likupe ruhusa. Hukosei ukiongeza falseta yako. Utakosea ukiinakili noti kwa noti kama karatasi ya mtihani, maana chenyewe hakikuzaliwa kwa karatasi.

Kazi yako ya miezi mitatu, basi, ni hii. Mwezi wa kwanza usiguse solo. Piga rithimu ya Ramón peke yake, nusu saa kila siku, taratibu kuliko rekodi, mpaka lile pigo kavu la kiganja litoke lenyewe bila kufikiri. Mwombe mwenzako akupigie makofi, na kama hayupo mtu gonga mguu chini. Mwezi wa pili chukua vifungu viwili tu vya solo, uvipige kwa kuegemeza vidole, na uanze kila kimoja baada ya pigo la kwanza, si juu yake. Mwezi wa tatu jifunze kompasi ya solea kwa makofi, bila gitaa, halafu kodi zile nne zinazoshuka hadi Mi.

Na mgeni yule akirudi Tanga, usibishane naye. Mpigie solea yako fupi kwanza, mizunguko minne inatosha, ukitua pale kwenye 10 kama inavyotakiwa. Ukimaliza usisimame wala usingoje makofi. Ua nyuzi kwa kiganja, uingie kwenye rumba.